Kete ya Ukingoni

Enzi zetu pale Mnyuzi, mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana mbili tu: ama ndani kuna mgonjwa, ama ndani kuna jambo. Mgonjwa angejulikana, maana watu wangekuja kumpa pole. Kwa hiyo mlango wa nyumba yetu, uliokuwa ukifungwa kila alasiri huku baba yuko mzima wa afya na shamba amelima, ulikuwa na jambo. Na kijiji kizima kilikuwa kinalitafuta jambo hilo.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Sisi tulikua na milango wazi. Mama akipika mlenda, jirani alijua ameukosea chumvi kabla sisi hatujaonja. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya mkonge unaooza kutoka korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, harufu ambayo mgeni aliziba pua na sisi hatukuisikia tena. Kengele ya shule ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa, likipigwa kwa nondo. Treni ya abiria ikisimama, mama zetu walikimbia na beseni za machungwa na mihogo ya kuchemsha, na sisi nyuma yao tukipiga kelele bila sababu. Jioni ilikuwa michezo ya rede na kombolela mpaka mtu aitwe kwao kwa jina lake lote, na ukiitwa kwa jina lako lote ulijua kuna fimbo.

Wajukuu wangu nikiwaambia kwamba tulikuwa tukicheza nje mpaka miguu inakuwa myeupe kwa vumbi, wananiuliza, "Bibi, kwani hamkuwa na bando?" Nawaacha.

Baba yangu alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni aliyehamia Mnyuzi akiwa kijana, kutafuta shamba lisilokauka. Watu walimwita Baba Mwajuma, kwa jina langu mimi, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mtu mpole, wa kusali na kulima, mwenye ugonjwa mmoja: drafti. Kijiwe chao kilikuwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Ubao ulikuwa mbao nyepesi ya sanduku la chai lililoshuka kutoka Vugiri, vyumba vimechorwa kwa masizi na oili chafu, na ukiinamia karibu ulisikia bado harufu ya majani ya chai. Kete zilikuwa vizibo vya soda. Mmoja alicheza na vizibo vilivyolala chali, mwenziwe vilivyolala kifudifudi, na ukifika mwisho wa ubao unapandisha kizibo juu ya kizibo, umepata kingi.

Mpinzani wake alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi. Baba yake Mihayo aliletwa kutoka Tabora kuwa manamba, kukata mkonge, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye laini za kambi na hakuwahi kuiona hiyo Tabora aliyokuwa akijisifia. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Nyinyi vijana mnaodhani utani ni kutumiana vikatuni kwenye simu, ngoja niwaeleze. Mtani anaingia kwako, anafunua chungu na kuchagua nyama. Anamwita mama yako "mke wangu" mbele ya baba yako, na baba yako anacheka. Na siku ukifa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuliwekea jeneza lako kizuizi mlangoni, akaigiza unavyotembea na unavyokohoa, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Hata akivuka mpaka huruhusiwi kumkasirikia.

Huyo Mihayo alikuwa akimfunga baba kila walipokaa. Na hakuwa anafunga kimya kimya. "Mzigua, babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani, na bado walikuwa wanawafunga nyinyi mliokaa kivulini." Baba alijibu kwamba hao babu zake walipita wakiiba mahindi, watu wakacheka, lakini alirudi nyumbani amefungwa.

Sisi nyumbani tulimshuku Mihayo, na tulikuwa na ushahidi wetu. Kabla ya kusogeza kete aliipuliza kidogo, kama mtu anayepoza chai. Akikaribia kushinda aligeuza kofia yake nyuma. Hakutaka kivuli cha mtu kiangukie ubao. Mama alisema mtu hapulizi kizibo bure. Bibi, mama yake baba, alituma salamu kutoka Handeni kwamba yupo mtu wa kumwona, aje haraka kabla mambo hayajaota mizizi. Handeni ina sifa zake, hata watu wa Dar huja na magari yenye vioo vyeusi. Mimi sisemi zaidi.

Baba hakwenda. Alisema, "Mimi sijalogwa. Mimi nafanya kosa lile lile."

Hapo ndipo mlango ulipoanza kufungwa. Baba alichonga ubao wake mwenyewe akauweka juu ya kigoda nyuma ya pazia la chumbani. Akitoka kijiweni amefungwa, alirudi bila kumsalimia mtu njiani, na sisi tulikatazwa kumpokea kwa maneno. Mama alitunyamazisha akisema mwacheni, amebeba. Kweli alikuwa amebeba: alikuwa ameushika mchezo kichwani, ulivyokuwa kabla hajakosea, na alitembea nao taratibu kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji isiyo na kata. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia na kuvipanga vizibo vilivyokuwa vimekaa. Kisha alishusha pumzi, akatusalimia sote kwa zamu, hali zenu wanangu.

Ule mpango wa vizibo ndio aliouita swali. Wewe una kete hizi, yeye ana zile, zamu ni yako, toka hapo. Alilikalia kila alasiri mpaka alipopata njia. Akiipata hakuliacha, na hapo ndipo mimi nilipojifunza jambo ambalo sijaliona likifundishwa shuleni. Kesho yake alilipanga tena swali lile lile, akalitoka tena. Keshokutwa alilipanga limegeuzwa, yeye akiwa upande wa Mihayo. Wiki ijayo, ulipokuwa umeshalisahau, linarudi. Alitaka mkono ulijue kama unavyojua njia ya kwenda mdomoni.

Nasi watoto tulipewa maswali. Mihogo imeiva, mbaazi za nazi zinanukia, na wewe umekaa mbele ya kigoda na swali. Wadogo zangu walikisia wakafukuzwa. Mimi nilikaa. Nilipenda ile hali ya kutazama vizibo mpaka kimoja kijitenge na vingine. Kidole changu kikiwahi kunyooka, baba alikipiga kofi dogo. "Usifikiri kwa kidole. Kidole hakina macho." Maswali yalikuwa na majina. Kulikuwa na Treni ya Mizigo, ambamo kingi wako anakula kete nne mfululizo bila kupumua. Kulikuwa na Kuku Ndani, ambamo unajifanya umezingirwa. Na siri ilikuwa moja: mtu akiuliza baba yuko wapi, amelala.

Sasa fikiri wewe jirani. Mtu mzima, mkulima, analala kila alasiri mlango umefungwa, na ukipita chini ya dirisha unasikia tik, tik, kimya kirefu, tik. Mama Zaina wa nyumba ya pili alikuja kuomba chumvi mara nyingi kuliko mboga anazopika, na macho yake yalikuwa kwenye pazia, si kwenye kopo. Haukupita muda kijiji kikawa kinajua. Baba Mwajuma anafuga. Ameleta kitu kutoka kwao Handeni, anakilisha alasiri, na chakula chake kina mlio.

Shuleni waliniuliza kinakula nini. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Kulwa, mtoto wa Mihayo huyo huyo, na siku moja tukiwa kisimani aliacha kunisaidia kujitwika, akaniuliza.

"Baba yako anafanya nini mchana?"

"Analala."

Alinitazama sana. Kutoka siku hiyo hakula tena kwetu. Ukimpa muhogo aliushika, akaenda nao, na mara moja niliukuta umetupwa kwenye mkonge. Niliumia, na hasira yangu ikaenda kwa baba yake. Nilisema moyoni, mwenye dawa ni nani, sisi au yule anayepuliza vizibo?

Kisha baba akamfunga Mihayo. Nilikuwepo, nimetumwa kusaga mahindi. Mihayo alipuliza, akageuza kofia, akasogeza, na mimi nikalitambua swali kabla baba hajanyoosha mkono. Ilikuwa Treni ya Mizigo. Baba alitoa kete moja iliwe, na kwenye drafti ukikuta cha kula huna hiari, lazima ule. Mihayo akala. Baba akala nne.

Hakuna aliyecheka. Mihayo alikaa akiutazama ubao, halafu akafanya jambo ambalo Mnyuzi walilisimulia miaka: aliuinua ubao akaugeuza kuangalia chini yake. Akachukua vizibo vya baba kimoja kimoja akavinusa.

"Mzigua," alisema, "umekwenda kwenu lini?"

Alisema kiutani, na mtani anaruhusiwa. Lakini waliosimama pale hawakulichukua kiutani. Tangu siku ile vizibo vya kijiweni viliwekwa na mwenye mashine, kwenye kopo lenye kifuniko, na watu walinawa mikono kabla ya kucheza. Baba alinawa na wenzake, akitabasamu. Nyumbani hakutabasamu. Mama alimwambia awafungulie mlango waone, yaishe. Alikataa. Akiwafungulia, na Mihayo ataona, na Mihayo akiona atafanya vivyo hivyo. Kati ya jina lake na drafti, akachagua drafti. Nilimlaumu kwa hilo muda mrefu.

Ajabu ni kwamba Mihayo alianza kupanda tena. Leo anafungwa, kesho anafunga. Mtego uliomnasa mara moja haukumnasa mara ya pili. Baba akapunguza kula. Na mimi nikiwa napita kwenye laini za kambi alasiri moja, nikaona mlango wa akina Kulwa umefungwa. Kulwa alikuwa amekaa kizingitini, anachambua mchicha, kama mlinzi.

"Baba yako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amelala," akasema.

Tukatazamana, watoto wawili waliotumwa uongo mmoja, na hakuna aliyemwamini mwenziwe wala aliyefikiria kucheka. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu mpaka wanangu wananitilia shaka. Siku ile niliondoka mbio kwenda kuripoti nyumbani kwamba Mihayo naye ana jambo.

Katika vita vyao hivyo lilitokea swali moja ambalo baba hakuliweza. Lilitoka kwenye mchezo walioumaliza sare, na baba alishikilia kwamba palikuwa na ushindi mahali fulani, akaukosa. Aliliita Kisiki, kwa sababu kila akilima jembe linagonga pale pale. Njia ilionekana wazi: toa kete ya kwanza iliwe, toa ya pili, kisha ile ya tatu inakula mfululizo mpaka mwisho wa ubao. Tatizo lilikuwa kete moja ya Mihayo iliyokaa ukingoni kabisa. Kete ya ukingoni hailiki, maana hakuna chumba nyuma yake cha kutua. Ukifika hapo, safari imekwisha, umetoa kete zako mbili bure.

Nikaolewa, nikahamia Korogwe mjini, nikaanza kushona nguo za watu. Kila niliporudi Mnyuzi nilikuta Kisiki kimepangwa nyuma ya pazia, baba ameshazeeka, vizibo vimeota kutu.

"Umekiona?" aliniuliza, kabla hajauliza habari za watoto.

"Bado, baba."

"Basi tuendelee."

Kijiwe kilishakufa siku hizo, wazee wanaondoka mmoja mmoja, korona imenyamaza. Lakini yale maneno hayakufa. Maneno ya namna ile hayana uzee.

Baba alifariki asubuhi moja akiwa ametoka kusali. Na hata kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto, nilisikia kwenye jamvi la wanawake mtu akimnong'oneza mwenziwe: sasa kile kitu chake kamwachia nani? Nilijua jibu walilokuwa wanalitafuta. Kitu kama kile, wanasema, hurithiwa na mtoto aliyekuwa karibu na mzee, na aliyekuwa akikaa naye nyuma ya pazia ni mimi. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameposwa Bungu, na wakwe walikuwa wameshuka kutoka milimani kuja kuzika, wameketi pale pale, masikio wazi. Nikamwona mama mkwe mtarajiwa akiisogeza sahani ya wali mbali naye kidogo, kwa adabu. Nililia kwa sababu ya baba, na nililia kwa sababu ya sahani ile.

Jeneza lilipotaka kutolewa, Mihayo akafika. Alikuwa mzee mno, amekuja anaongozwa na Kulwa. Kwapani amebana ule ubao wa sanduku la chai. Watu wakaanza kuchekacheka, mtani kaja, tujiandae. Tulidhani ataigiza baba anavyokohoa, apewe chochote, apishe njia. Hakuigiza. Aliketi chini mlangoni, mbele ya jeneza, akauweka ubao, akatoa vizibo mfukoni na kuvipanga kimoja kimoja.

"Huyu Mzigua hatoki," alisema. "Mmesema miaka yote kwamba ndani ya mlango huu kulikuwa na dawa. Mimi mwenyewe nilisema. Haya, dawa yenyewe ndiyo hii. Na kwangu ilikuwepo hii hii, nimefunga mlango kama yeye, tunashindana kujificha. Aliyerithi aje aoneshe watu inavyofanya kazi. Akishindwa, basi endeleeni kusema."

Nilisogea nikachungulia kati ya mabega ya wanaume. Kilikuwa Kisiki.

Wanaume walijaribu. Mjomba alijaribu, akakwama. Mwenye mashine alijaribu, akakwama. Imamu alitazama jua, akakohoa, lakini hata imamu anamjua mtani. Ndipo Mihayo akasema bila kuinua kichwa, "Mwitieni Mwajuma."

Niliketi chini na kanga yangu kichwani. Sijawahi kuogopa hivyo. Nyuma yangu kulikuwa na jeneza la baba, mbele yangu swali ambalo baba alikufa hajalitoka, na pembeni wakwe wa mwanangu. Machozi yalikuwa yanafanya vizibo vicheze. Nikajizuia nisitumie kidole. Nikatazama, nikatazama, na kimoja kikajitenga na vingine kama zamani.

Nikatoa kete ya kwanza. Mihayo akaipuliza yake kidogo, akala. Nikatoa ya pili, akala. Kisha ya tatu ikaruka, ikala, ikaruka, ikala, ikaila na ile ya mwisho, ikatua mwisho wa ubao. Nikapandisha kizibo juu yake.

Halafu mtu akasema, taratibu, kumbe ndiyo hii. Mwingine akarudia. Nikamsikia Mama Zaina, ambaye sasa ni ajuza asiyeona vizuri, akiuliza wenziwe ni nini, ni nini, na akaambiwa: vizibo. Vizibo tu. Mihayo alikusanya vizibo vyake, akashikwa mkono akainuka, na alipokuwa akipisha njia aligeuza kofia yake nyuma. Kisha akaweka bega chini ya jeneza kwa hatua chache, zile alizoziweza. Yule mama wa Bungu alikula wali wake wote. Binti yangu yuko kwake huko milimani, na mapeasi yanashuka kila msimu.

Ningekuwa mtu wa kuridhika, ningeishia hapo. Lakini mimi nimelelewa kwa shuku kama wengine wanavyolelewa kwa uji. Baada ya arobaini niliuchukua ubao wa baba nikarudi nao Korogwe, na alasiri moja, kazi imepungua, nikakipanga Kisiki ili nikione tena kilivyofunguka. Nikatoa ya kwanza, nikatoa ya pili, ya tatu ikaruka, na ikakwama. Ile kete ya Mihayo ilikuwa ukingoni. Mkono wangu ulikuwa umeiweka pale wenyewe, bila kuniuliza, kama ulivyozoea toka utotoni.

Nikapanga tena. Mkono ukaiweka pale pale. Nikajiambia labda uzee, labda nimesahau. Nikamwita mpwa wangu, kijana wa chuo asiyeachana na simu hata akiwa chooni, nikamwambia aiulize hiyo simu yake. Aliingiza vizibo vyote kwa kidole gumba, bila hata kukaa.

"Sare, shangazi. Hapa hakuna anayeshinda. Kwani mlikuwa mnalifikiria muda gani?"

Nikamwambia muda kidogo.

Kwa hiyo nikaenda Mnyuzi kumsalimia Mzee Mihayo. Kulwa alinipokea, tukakumbatiana, akaniletea chai na muhogo, nami nikala mbele yake mpaka nikamaliza. Sikuuliza kitu. Nilitandika ubao kati yangu na mzee nikakipanga Kisiki, ila ile kete niliiweka hatua moja ndani, mahali ambapo sasa nilikuwa na hakika ilikuwepo siku ya msiba. Tukaongea habari za mvua. Tukaongea habari za mahindi yaliyokauka Handeni. Mihayo alikuwa anazungumza huku anautazama ubao kwa macho yake yenye ukungu, na katikati ya neno mkono wake ukaondoka wenyewe, ukaishika ile kete, ukairudisha ukingoni.

Ndipo akaona alichofanya. Mkono ukabaki pale, hewani.

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa nilishamwamkia nilipoingia.

Alinisogezea kikombe changu. "Nyinyi Wazigua," alisema, "mna shuku mbaya. Kunywa chai, inapoa."

Nilikunywa. Miaka yote tulimchunga mtu huyu asituibie, tukamhesabia pumzi zake juu ya vizibo. Na ameiba kweli, mara moja tu, mbele ya kijiji kizima na mbele ya imamu, akaiba upande wake akatupa sisi.

Siku hizi milango ya Mnyuzi imefungwa mchana, yote, na ya Korogwe pia. Ndani kila mtu ana kioo chake mkononi, na mlio wake. Hakuna jirani anayekuja kuomba chumvi ili achungulie, wala hakuna anayetaka kujua mwenziwe anafuga nini. Vijana wanasema haya ndiyo maendeleo, kila mtu na mambo yake, na huenda wanasema kweli. Mimi nimeuweka ubao barazani kwangu, kwenye cherehani, mlango wazi. Kisiki kimepangwa. Mkono wangu bado unataka kuipeleka ile kete ukingoni, nami kila asubuhi naukataza, naiacha hatua moja ndani, pale alipoiweka mtani wetu.